Picha ya Lubumbashi: historia ya maonyesho yenye jina la Kiswahili

Baada ya kipindi chetu juu ya vijana wanaochora na kuchonga, maulizo mengi yalifika kwenye simu ya redio. Moja lilirudiwa zaidi ya mengine: haya maonyesho makubwa ya sanaa ya Lubumbashi tunayoyasikia, ni ya nani, yalitoka wapi, na sisi watu wa dhahabu yanatuhusu nini? Hewani nilikuwa na dakika tatu tu. Hapa nafasi ipo, basi tuanze polepole.

Kwanza jina. Maonyesho hayo yalizaliwa mwaka 2008 kwa jina la Rencontres Picha, yaani Mikutano ya Picha. Neno la kwanza ni Kifaransa, la pili ni letu. Shirika linaloyaandaa linaitwa Picha tu. Waanzilishi wake ni wasanii wa Lubumbashi wenyewe, na wawili kati yao wamejulikana sana: Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, na Patrick Mudekereza, mwandishi, aliyezaliwa huko huko mwaka 1983. Leo watu wengi wanayaita Biennale de Lubumbashi. Biennale ni neno la Italia, maana yake ni jambo la kila miaka miwili. Mfano wa kwanza ni ule wa Venice, ulioanza mwaka 1895. Afrika, mji wa Dakar una yake, na Bamako ina mikutano ya picha tangu 1994. Kwa hiyo wale waliosema hewani kwamba ni ya kila mwaka, tusahihishe kidogo: ni kila miaka miwili, na mara nyingine pesa au magonjwa yakikatiza, inakuwa mitatu.

Lakini mtu akianza hadithi hii kwenye 2008, ataona kama vijana wale waliamka asubuhi moja wakaota. Mambo hayakwenda hivyo. Lubumbashi ulikuwa mji wa wachoraji miaka mingi kabla yao.

Mji wenyewe ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, juu ya mukuba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa miaka minne mbele, 1906. Wafanyakazi walitolewa mbali, kila mmoja na lugha yake, na katika makambi ya kampuni Kiswahili kikawa lugha ya kazi na ya nyumbani. Hapa watu wa Kasongo tuna haki ya kutabasamu kidogo. Kiswahili kilikuwa kimefika kwetu zamani, kwa njia ya misafara ya pwani, wakati wa Tippu Tip, wakati Kasongo na Nyangwe ilikuwa miji mikubwa na Élisabethville haikuwa hata na jina. Biashara ile ilileta lugha, ilileta pia minyororo, na wazee wetu hawakusahau hata moja kati ya hayo mawili.

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa mwanajeshi zamani, alifungua mahali pa kuchorea huko Élisabethville. Pakaitwa Le Hangar. Aliwachukua vijana wa Kiafrika, akawapa rangi, akawakataza kuiga picha za Ulaya. Aliwaambia waangalie vitu vilivyo mbele yao: samaki, ndege, nyoka, majani, wawindaji. Kutoka hapo walitoka watu ambao majina yao hayajafa. Pilipili Mulongoy alijaza karatasi kwa samaki na ndege, na nyuma yao mistari na madoa madogo madogo bila kuacha nafasi. Bela, aliyetoka Chad, alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama wake kwa mistari mifupi mifupi, kama mtu anayesuka mkeka. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha Chuo cha Sanaa cha mji huo, na Romain-Desfossés alipokufa mwaka 1954, maisha ya Hangar yakaishia na sehemu ya watu wake wakahamia chuoni.

Mimi nazipenda kazi hizo, sitaficha. Lakini tuseme ukweli wote: zilinunuliwa na Wazungu na kuonyeshwa Ulaya. Ndani yake utaona msitu na mto, hutaona kambi ya wafanyakazi. Hutaona tanuru la mukuba wala askari. Huenda mchoraji aliona. Yule aliyempa rangi ndiye hakuuliza juu ya hayo.

Waliouliza ni wengine. Katika miaka ya 1970, wakati mkoa ule ulikuwa umeitwa Shaba kwa amri ya Mobutu, wachoraji wa mtaani walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na picha zao kwapani. Walichora juu ya nguo ya mifuko ya unga. Wateja hawakuwa Wazungu. Walikuwa karani, mwalimu, mfanyakazi wa Gécamines, mtu aliyetaka kitu cha kutundika ukutani mahali anapopokea wageni. Aina za picha zilijulikana: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayeleta utajiri na taabu, inakale, mtu aliyepanda mti huku simba, nyoka na mamba wanamngoja kila upande, na Colonie belge, ambamo mfungwa analala chini anachapwa fimbo na Mzungu amesimama anaangalia.

Mkubwa wao, kwa maoni yangu, ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alikutana na mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, akamwambia anataka kuchora historia nzima ya nchi. Akaichora kweli: picha 101, tangu zamani za wafalme, kupita ukoloni, mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi Desemba 1941, kifo cha Lumumba, mpaka siku zijazo. Na kila picha aliieleza kwa mdomo. Fabian aliweka mazungumzo hayo kwenye kanda. Ninaomba mwangalie jambo hili: yalikuwa kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Shaba ambacho mtu wa Kongolo au Kabambare anakielewa bila mkalimani. Fabian alitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1996. Wakati huo Tshibumba hakuwa akionekana tena. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua alipo. Picha zake ziko Amsterdam, Uholanzi. Mtu aliyechora historia ya nchi alipotea ndani ya nchi hiyo, na historia aliyoichora inakaa ng'ambo. Kila nikifikiri juu ya maonyesho ya Lubumbashi narudi kwake, kwa sababu wale vijana wa 2008, hata kama wanatumia kamera na yeye alitumia brashi, wanafanya kazi aliyoiacha.

Sasa tufike kwenye kuanguka kwa Gécamines, maana bila hiyo hakuna Picha.

Union Minière ilitaifishwa na serikali ya Mobutu, na baadaye ikawa Gécamines. Kampuni ilikuwa baba na mama: ilitoa nyumba, hospitali, shule, unga wa kila mwezi. Mwaka 1986 ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Miaka michache baadaye, mwaka 1990, mgodi wa Kamoto uliporomoka, mashine zilikosa vipuri, na kufika 1994 haikubaki hata sehemu moja ya kumi ya uzalishaji ule. Mishahara ikakatika miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Waliouishi wanajua hiari hiyo ilikuwa namna gani.

Na katikati ya hayo, 1992 na 1993, ndugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Watu waliozaliwa Likasi au Kolwezi, ambao wengi wao hawakuwa wamekanyaga Kasai maishani, walikaa kwenye vituo vya reli na magodoro na masufuria, wakingoja treni. Wengine walingoja majuma mengi. Wengine walikufa pale pale au njiani. Ninyi mlioacha nyumba usiku na mtoto mgongoni hamhitaji nieleze zaidi. Nataka tu mjue kwamba mji ulioanzisha maonyesho haya si mji wa raha uliokosa la kufanya. Ulikuwa umeona watu wake wakipangwa mstari na kuondolewa, na ulikuwa umeanza kujiuliza namna ya kulizungumza jambo hilo bila kulirudia.

Jibu la kwanza halikutoka kwa wasanii. Lilitoka kwa walimu wa historia. Mwaka 2000 ulianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, kumbukumbu za Lubumbashi, pamoja na chuo kikuu cha mji na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, ambaye alikuwa amefanya kazi huko miaka mingi; upande wa Lubumbashi, profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa mmoja wa nguzo zake. Walifanya jambo rahisi sana. Waliwaomba wakaaji walete vitu vya nyumbani, picha za familia na masimulizi yao. Vitu hivyo viliwekwa kwenye jumba la makumbusho kwa heshima ile ile inayopewa sanamu ya mfalme. Mjane wa mfanyakazi aliweza kuingia na kukuta kitu cha aina aliyo nacho nyumbani kimewekwa juu ya meza safi, na maandishi pembeni. Kwangu mimi hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia ninayowasimulia, ingawa magazeti ya Ulaya hayakuiandika sana.

Sammy Baloji alikua katika hewa hiyo. Mwaka 2006 alitengeneza picha alizoziita Mémoire. Alichukua picha za zamani za kampuni, nyeusi na nyeupe: wafanyakazi waliosimama mstari, wakubwa wa Kizungu na kofia zao. Akawakata, akawaweka juu ya picha mpya za rangi alizopiga mwenyewe katika viwanda vilivyokufa, mabati yaliyotoboka, majani yanayoota ndani ya tanuru. Wafu wanasimama katika mahali pao pa kazi na mahali hapo pamekufa baada yao. Hakuandika maneno juu yake. Mwaka 2007 picha hizo zilishinda tuzo mbili huko Bamako.

Na hapo ndipo swali lilipozaliwa. Ikiwa mtoto wa Lubumbashi anapaswa kwenda Mali au Ufaransa ili picha za mgodi wa baba yake zionekane, je, watu wa mji wenyewe wataziona lini? Mwaka uliofuata, 2008, Rencontres Picha zikafunguliwa Lubumbashi, kwa picha na video. Hawakungoja serikali ijenge nyumba ya sanaa. Kwa miaka iliyofuata walitumia walivyovikuta: jumba la makumbusho, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, na pembe nyingine za mji.

Mara ya pili ilikuwa 2010, mwaka wa miaka 50 ya uhuru na miaka 100 ya mji. Waliomba msimamizi kutoka nje, Simon Njami, mtu wa asili ya Kameruni aliyekuwa ameongoza mikutano ya Bamako. Tangu hapo ikawa desturi: shirika ni la Lubumbashi, lakini kila mara mtu mmoja anaitwa kuchagua kazi na kutoa wazo kuu. Mwaka 2013 alikuja Elvira Dyangani Ose, mwenye asili ya Guinea ya Ikweta, na wazo lake likaitwa Enthousiasme, hamasa. Mwaka 2015 na 2017 aliongoza Toma Muteba Luntumbue, Mkongomani anayeishi Ubelgiji. Mwaka 2019 ilikuwa Sandrine Colard, mwanahistoria wa sanaa mwenye damu ya Kongo na ya Ubelgiji, anayefundisha Marekani. Kichwa chake kilisema juu ya vizazi vijavyo na hadithi zinazotoka kwenye mstari wa Ikweta.

Sitawachosha kwa orodha ya kila msanii. Niwaambie juu ya wawili tu.

Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa 1974, alisomea umeme. Anajenga mashine kwa kartoni, nyaya na vifaa vilivyotupwa. Ukiziangalia unafikiri zinapima kitu, nyota au kalenda, na ndani yake kuna hesabu ya kweli. Pia anachora taa kubwa, glopu za umeme, kwa kalamu. Katika mji unaotoa shaba ya kutengenezea nyaya za dunia nzima, umeme unakatika kila siku. Yeye hapigi kelele juu ya hilo, anachora glopu.

Wa pili ni Georges Senga, mpiga picha, aliyezaliwa 1983. Alimfuata mwalimu mmoja mzee aliyefanana na Lumumba, aliyechana nywele kama Lumumba na kuvaa miwani kama yake, akapiga picha maisha yake na kuziweka pembeni ya picha za Lumumba mwenyewe. Lumumba aliuawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961. Mtu wa Maniema akiziona picha hizo, kicheko kinakwama kooni.

Kazi ya Baloji mwenyewe ambayo ningependa ifike Salamabila ni ile aliyoitengeneza mwaka 2013 juu ya mpango wa mji. Wakoloni waliacha uwanja mpana, mtupu, kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, wakisema mbu wa malaria hataweza kuruka umbali huo. Baloji alipiga picha za mji kutoka angani, mahali uwanja huo ulipopita, akaziweka pamoja na picha za nzi na mbu zilizohifadhiwa kwenye makumbusho. Kati yake kuna picha ya zamani ya mwaka 1929: wafanyakazi wamesimama na marundo ya nzi waliokufa, kwa sababu kila mmoja alipaswa kuleta nzi 50 kwa siku ili apewe posho yake ya chakula. Hamsini. Mtu ametoka mgodini, amechoka, halafu anawinda nzi ili apate unga. Ninyi mliowahi kupangishwa mstari na kadi mkononi kungoja mgao mnajua picha hii inasema nini hata kabla ya kuiona.

Turudi kwa swali lililoulizwa: sisi watu wa dhahabu, yanatuhusu nini?

Angalieni tarehe. Mwezi wa Septemba 2019, kazi ya mgodi mkubwa wa Namoya ilisimamishwa kwa sababu ya usalama. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo, maonyesho ya sita yalifunguliwa Lubumbashi, yakadumu mwezi mmoja. Huku kwetu watu walikuwa wanakimbia na kurudi, wanarudi na kukimbia, na vijana walioajiriwa wakijiuliza kesho watakula nini. Kule watu walikuwa wanatembea kati ya picha za mgodi uliokufa miaka 20 na zaidi kabla ya wetu. Kilichotupata kina kaka yake mkubwa. Namna kampuni inavyokuja, namna kijiji kinavyohama kupisha mashimo, namna kazi inavyokwisha siku moja na mashine kubaki na kutu, yote hayo Katanga waliyapitia, na wameyaweka kwenye picha ambazo mtoto anaweza kuzielewa.

Maonyesho ya saba yalikuja mwaka 2022, tarehe 6 Oktoba mpaka 6 Novemba. Mwaka 2021 ulikuwa umepita bila kitu. Dunia yote ilikuwa bado inatoka kwenye korona. Wazo kuu la mara hiyo lilikuwa Toxicité, yaani sumu. Safari hii shirika la Picha halikumpa msimamizi mmoja kazi yote. Lilishika usukani lenyewe pamoja na wasimamizi kadhaa. Sumu waliyoizungumzia ni ile inayotoka kwenye viwanda na kuingia mtoni, na ile nyingine isiyoonekana, ya mali inayotoka na umaskini unaobaki. Huku kwetu hatuhitaji kufasiriwa. Kiwanda cha dhahabu kinatumia sianidi. Mchimbaji wa mikono anaungua zebaki kwenye kikaango, mara nyingine jikoni, watoto wakiwa pembeni, na moshi wake anauvuta. Redio yetu imesema juu ya jambo hili mara nyingi, na kila mara wasikilizaji wanaitikia ndiyo halafu zebaki inaendelea kuuzwa. Ninaamini picha moja nzuri ya mwanamke anayepika karibu na kikaango kile ingefanya kazi kuliko vipindi vyangu kumi.

Pamoja na sifa hizo, kuna mambo ambayo mimi siyapendi, na afadhali niyaseme.

Lugha ya kwanza. Jina ni Picha, lakini vichwa vya maonyesho vimekuwa vya Kifaransa, na maandishi yanayoeleza kazi mara nyingi ni Kifaransa kigumu ambacho hata aliyemaliza sekondari anakisoma mara mbili. Tshibumba alieleza picha 101 kwa Kiswahili na zikaeleweka mpaka Uholanzi. Pesa ya pili. Sehemu kubwa inatoka kwa vituo vya utamaduni na mifuko ya Ulaya, kwa hiyo wakiamua kufunga mkono, maonyesho yanasukumwa mwaka mwingine. Na tatu, umbali ulio ndani ya mji wenyewe: mtu wa Katuba au wa Ruashi anaweza kuishi kando ya maonyesho mwezi mzima asijue yapo. Waandaaji si vipofu. Ndiyo maana waliunda warsha za kuwafundisha vijana wa huko, zinazoitwa Ateliers Picha, na ndiyo maana Mudekereza baadaye aliongoza kituo kingine cha sanaa huko huko Lubumbashi kiitwacho Waza, tena neno letu, ambacho kinafanya kazi karibu zaidi na watu wa kawaida.

Kuna jambo la nne, ambalo si kosa la Picha hata kidogo. Ni letu. Watu wa Maniema tukisikia neno sanaa tunafikiri ni mambo ya Lubumbashi na Kinshasa, na tunasahau kwamba makumbusho ya Ulaya yamejaa mikono ya wazee wetu. Vinyago vidogo vya Walega, vya mti na vya pembe ya tembo, vilivyotumika katika bwami kufundishia wakubwa namna ya kuishi, viko Tervuren, karibu na Brussels, na katika nyumba za matajiri wasiojua Pangi iko upande gani. Sanamu za mababu za Waboyo, zilizotoka sehemu hizi hizi za Kabambare, ndevu zao zimechongwa kwa uangalifu mkubwa, zinauzwa kwenye minada. Wakoloni walipiga bwami marufuku na huku vitu vyake vinapelekwa kwao kwa makasha. Mwaka 2011 Baloji na Mudekereza walikaribishwa Tervuren kufanya kazi ndani ya hazina ile. Baloji alichagua michoro na picha zilizoletwa na msafara wa Charles Lemaire huko Katanga, wa mwaka 1898 mpaka 1900, akaziunganisha upya. Mudekereza akaandika juu ya vitu alivyovikuta. Katanga imekwisha kutuma watoto wake kuangalia vitu vya babu zao kwenye makabati yale. Maniema bado, kwa kadiri ya habari zilizotufikia hapa redioni.

Vijana kadhaa waliuliza kama mtu wa Salamabila anaweza kushiriki. Njia ndefu ipo: kushuka mpaka Samba, kungoja treni inayotoka Kindu, kupita Kongolo, Kabalo na Kamina, na kuomba Mungu ichomoke kila kituo. Njia ya kazi ni nyingine. Anayechora aanze kuweka kazi zake pamoja, apige picha zake vizuri kwa simu, mchana, mbali na jua kali, aandike tarehe na mahali. Waandaaji wa mambo haya wanataka kuona kazi nyingi za mtu mmoja, si moja tu.

Na kwa familia zilizohama, ombi langu linatoka kwa wale walimu wa historia wa mwaka 2000 kuliko kwa wasanii. Mliondoka na vitu vichache. Sufuria, kitenge, kadi ya uchaguzi, funguo za nyumba ambayo labda haina tena mlango. Picha ya harusi iliyokunjwa mara nne. Msivitupe hata kama vimechakaa. Nyuma ya picha andikeni kwa kalamu majina ya waliomo, kijiji, na mwaka mlioondoka, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule. Mkipita redioni na kitu hicho, tutakipiga picha mbele yenu, tutarekodi maelezo yenu, na mtarudi nacho nyumbani siku hiyo hiyo.